Kwenda na mbwa kununua mboga Nairobi: kutoka getini hadi kibandani na kurudi

Mbwa wengi wa Nairobi hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku walinde boma. Mbwa wa namna hiyo hajui bodaboda, hajui mkokoteni, wala hajawahi kuona mtoto anayepiga kelele na kukimbia. Ukimtoa getini ghafla Jumamosi asubuhi na kumpeleka penye vibanda, atavuta, atabweka, na pengine atauma mtu, na lawama itakuwa yako. Mbwa huyo huyo akizoeshwa kwa mwezi mmoja au mmoja na nusu, anaweza kutembea kando yako hadi kwa mama mboga, akatulia ukichagua nyanya, mkarudi pamoja bila kelele. Mwongozo huu unahusu safari hiyo fupi ya miguu: kibandani, dukani na buchani. Supamaketi tutaigusa pia, kwa sababu huko ndiko mbwa hupoteza maisha ndani ya magari.

Kanuni inayobeba mengine yote ni hii: mbwa haachwi peke yake. Hafungwi kwenye nguzo nje ya duka wala haachwi garini, hata kama ni "dakika mbili tu". Mbwa aliyefungwa hawezi kumkimbia mtoto anayemchokoza wala mbwa wa mtaani anayemvamia, kwa hiyo huuma. Tena mbwa mzuri aliyefungwa nje ya duka huibwa. Basi chochote kinachokulazimu uingie mlangoni kinahitaji mtu wa pili, au kisubiri siku nyingine.

Kwanza, angalia kama mbwa wako anafaa

Kitoto cha mbwa kisikanyage barabara kabla chanjo zake hazijakamilika. Chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) na magonjwa yanayochanjwa pamoja nayo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha ngoja wiki mbili zaidi ndipo umtoe. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na kando ya vibanda hupita mbwa wengi wasiochanjwa. Ukitaka azoee kelele za mtaa mapema, na kweli umri huo ndio mzuri wa kuzoea, mbebe mikononi au kwenye kikapu bila kumshusha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, halafu kila mwaka. Piga picha kadi ya chanjo na uiweke kwenye simu. Siku mtu akikwaruzwa, swali la kwanza litakuwa hilo, na jibu la "amechanjwa, nitakutafutia kadi" halimtulizi mtu. Dawa ya minyoo mpe kila baada ya miezi 3, na dawa ya kupe kama daktari wa mifugo alivyoelekeza.

Jike aliye kwenye joto la kutaka dume abaki nyumbani mpaka wiki tatu zipite, la sivyo mtarudi na msafara. Mbwa aliyewahi kuuma mtu, au anayenguruma kila mgeni akisogea, asiende vibandani kabisa. Mtembeze asubuhi na mapema penye watu wachache, akiwa amevishwa kizuizi cha mdomo cha aina ya kikapu, kile kinachomwacha apanue mdomo, aheme na anywe maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kabisa hakifai kwa matembezi, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Vifaa

Kamba iwe ya nailoni au ya ngozi, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Mnyororo wa chuma unaouzwa kila mahali huumiza viganja mbwa akivuta ghafla, na mlio wake unamtia wasiwasi. Kamba zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio usizitumie sokoni, maana mbwa anaweza kuwa mita tano mbele yako kabla hujabonyeza kitufe, na uzi wake mwembamba ukijizungusha kwenye mguu wa mpita njia humchana.

Kola ipite vidole viwili kati yake na shingo. Ikipita mkono mzima, mbwa akiogopa atarudi kinyumenyume na kuchomoka. Hili ndilo kosa linalopoteza mbwa wengi barabarani. Kwa mbwa mwoga au anayevuta, mkanda wa kifuani wenye pete mbele ni bora zaidi, kwa sababu akivuta hujigeuza mwenyewe kukuelekea.

Funga fundo kwenye kamba. Simama wima, mbwa akiwa ameketi upande wako wa kushoto, acha kamba ishuke kutoka kolani mpaka chini, kisha weka alama pale inapogusa ardhi ikiwa imelegea kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Piga fundo hapo. Ukifika mahali pa kulipa, utakanyaga kamba huku fundo likiwa upande wako, nyuma kidogo ya kiatu. Mbwa ataweza kuketi na kulala lakini hataweza kuruka, na fundo litazuia kamba isiteleze chini ya soli.

Mkoba uwe wa mgongoni. Kiondo hushuka begani kila ukiinama, na mfuko wa mkononi unaning'inia sawasawa na pua ya mbwa. Mikono yote miwili ibaki huru. Usinunue zaidi ya kilo tano hivi ukiwa na mbwa, na trei ya mayai usiiguse: inataka mikono miwili na mwendo wa kinyonga.

Chukua pia maji nusu lita na bakuli dogo, na kitu cha kuzolea kinyesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tangu Juni 2019. Pakiti tupu ya unga ya karatasi, ile ya kilo 2, inafanya kazi hiyo vizuri: tia karatasi mbili za gazeti ndani, zoa kwa gazeti, sukumiza ndani, kunja mdomo mara tatu, tupa kwenye pipa. Usikitupe mtaroni. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo inayoingia watoto kupitia nyayo, na mvua ya kwanza itayasambaza uwanjani.

Kitu cha mwisho ni vitamu vya kumtuza. Ini lililochemshwa bila chumvi, likakatwa vipande vidogo kama punje ya hindi, linatosha. Vipande 40 kwa safari moja, kisha punguza chakula chake cha jioni. Omena zilizooshwa mchanga na kukaangwa bila mafuta nazo mbwa huzipenda sana. Soseji na smoki ziache, zina chumvi nyingi na mara nyingi zina kitunguu.

Mazoezi kabla ya siku yenyewe

Wiki ya kwanza usitoke getini. Mfundishe ndani ya boma mambo matatu: kutembea kando yako kamba ikiwa imelegea, kuketi na kukaa hapo hapo, na neno "acha". La tatu ndilo litakalomwokoa. Shika kipande cha ini ndani ya ngumi. Atalamba, atakwaruza, atasukuma kwa pua. Usiseme kitu. Dakika atakapoondoa pua, hata kwa sekunde moja, sema "ndiyo" na mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili, kamwe si kile kile cha ngumini. Akishaelewa, fungua kiganja. Kisha weka ini chini na ulifunike kwa kiatu. Mwishowe lidondoshe lipite mbele yake. Vipindi vya dakika tano, mara tatu kwa siku, vinafaa kuliko saa nzima ya kumchosha.

Wiki ya pili nenda naye mpaka getini, simama hapo, rudi. Bodaboda ikipita, mpe kitamu kabla hajaanza kubweka. Ukimpa baada ya kubweka utakuwa umemlipa kwa kubweka. Ongeza umbali polepole: mwisho wa ukuta, kona, nusu ya njia. Akikataa kula kitamu anachokipenda, amezidiwa na hofu, kwa hiyo rudi nyuma hatua ishirini na uanze hapo.

Wiki ya tatu au ya nne fikeni vibandani bila kununua kitu. Simameni mita kumi kando, dakika tano, mrudi. Fanyeni hivyo siku kadhaa. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza muda, halafu safari ya kwanza yenye orodha ya manunuzi inaharibika, na mbwa anajifunza kwamba vibandani ni mahali pa kuvutwa na kufokewa.

Yuko tayari akiweza kutembea hatua ishirini bila kuvuta, kuketi dakika mbili ukizungumza na jirani, kuacha kipande cha nyama kilichoanguka, na kutazama bodaboda ikipita mita tatu kutoka alipo bila kuirukia. Moja ikikosekana, ongeza wiki.

Siku yenyewe: saa na njia

Nendeni saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mboga zimefika kutoka sokoni, jua halijapanda, watoto wako shule. Jioni saa kumi na mbili ndiyo mbaya kuliko zote: watu wametoka kazini, njia imejaa, na nyama choma na mahindi vinamwita mbwa kila upande. Kwenye jua kali weka mgongo wa kiganja juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Mombasa kati ya Desemba na Machi, hata saa tatu huwa mmechelewa.

Chagua njia isiyopita jalala, maana hapo ndipo mbwa wa mtaani hulala na mifupa hutupwa. Mkikutana nao, usikimbie na usimnyanyue mbwa wako juu kama ni mkubwa. Geuza njia kwa upinde mpana, usiwakazie macho, mweke mbwa upande wa mbali. Kuinama kama unayeokota jiwe mara nyingi huwatosha.

Marikiti, Gikomba na masoko mengine makubwa ya katikati ya jiji hayafai kwa mbwa yeyote. Mikokoteni inashuka kwa kasi, malori yanarudi nyuma, na hakuna mahali pa kusimama kando. Chagua vibanda vya mtaani kwako ambako wauzaji watakuzoea.

Mita hamsini kabla ya kufika, simama kwenye nyasi umpe nafasi akojoe. Usiharakishe. Dume lisilokojoa litainua mguu kwenye gunia la kwanza la viazi, na mboga nyingi zimepangwa chini, juu ya gunia. Likitokea, lipia kila kilichoguswa palepale, bila ubishi, na ondoka nacho wewe.

Kwa mama mboga

Simama mita mbili kutoka kibandani, mbwa upande ulio mbali na mboga na mbali na wateja, kisha omba ruhusa kabla ya kuagiza. "Habari ya asubuhi, mama. Naomba nisimame hapa kando na mbwa. Niwekee sukuma ya thelathini, nyanya za hamsini na dania." Akisema mbwa asikaribie, shukuru na usogee nyuma zaidi. Wengi hawachukii mbwa. Wanajua wateja wengine watakipita kibanda chenye mbwa mbele yake. Ukikuta foleni ya watu watatu au zaidi, zunguka urudi baadaye.

Orodha iwe fupi na uifahamu kichwani. Vitu vitano ni vingi. Usiombe nyanya zichaguliwe moja moja wala sukuma ikatwe ukisubiri. Kata mwenyewe nyumbani, au piga simu mapema ukute imekatwa.

Kulipa ndiko watu hupoteza mbwa. Unatoa simu, unaandika namba ya till, unaingiza PIN, macho yako yote mawili yako kwenye skrini kwa nusu dakika, na mbwa amekwisha kumwona paka. Basi: mwambie aketi, kanyaga kamba penye fundo, ingiza mkono wa kushoto ndani ya kitanzi mpaka kifundoni, ndipo utoe simu. Bora zaidi ni pesa taslimu zilizohesabiwa nyumbani na kuwekwa mfuko wa mbele, za kila kibanda peke yake.

Watoto watakuja. Wengine watataka kumshika, wengine watapiga mayowe. Simama kati yao na mbwa. Kwa anayetaka kumshika, jibu "leo hapana, yuko shule" linaeleweka na halimuumizi mtoto.

Kuna watu ambao kuguswa na mbwa kwao ni jambo zito. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Anayeelekea msikitini akilambwa kanzu atalazimika kurudi nyumbani. Kwa hiyo Eastleigh, South C, Mji wa Kale Mombasa, Lamu au Zanzibar, mfupishe kamba, tembea ukingoni mwa njia, usipite karibu na msikiti nyakati za swala, na Ijumaa mchana kaa nyumbani naye. Mbwa aliyetoka kunyeshewa asipitishwe penye watu kabisa, kwa kuwa atajikung'uta.

Duka, bucha na supamaketi

Duka la dirisha lenye vyuma ni rahisi, kasoro moja: mbwa hupenda kusimamisha miguu ya mbele kwenye kaunta, akamshtua muuzaji aliyeinama kuchukua mkate. Mketishe kabla hujafika dirishani.

Bucha iwe ya mwisho, na ukiweza mpigie mwenye bucha simu akupimie mapema, akuletee nje. Mweleze akufungie kwa karatasi, kisha uitie kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya mkoba wa mgongoni. Wauza nyama wengi kwa ukarimu hurusha kipande cha mapafu au ini kwa mbwa. Kataa kwa upole. Ukiyataka, nunua uyachemshe vizuri nyumbani. Matumbo na mapafu mabichi huweza kuwa na malengelenge ya tegu wa mbwa, na mbwa akila huwa anatoa mayai ambayo mtu akiyameza hupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo umewatesa sana watu wa Turkana, na upo kokote mbwa wanakolishwa mabaki mabichi ya machinjio.

Supamaketi nendeni watu wawili: mmoja anaingia, mwingine anabaki nje kivulini na mbwa. Muulize kwanza askari wa geti kama mbwa anaruhusiwa uani. Kwenye maduka makubwa ya Nairobi magari hukaguliwa na mbwa wa kunusa. Shusha kioo mapema umwambie mhudumu kwamba una mbwa ndani, ili asikutane naye uso kwa uso mlango ukifunguliwa.

Kuhusu gari, nje kukiwa na nyuzi 24 tu, hali ya hewa ya kawaida kabisa Nairobi, ndani ya gari lililofungwa joto hufika karibu 34 baada ya dakika 10 na karibu 43 baada ya nusu saa. Kufungua vioo kidogo hakusaidii kwa maana yoyote. Foleni moja ya kulipa mwisho wa mwezi inatosha kumuua mbwa.

Mambo yakiharibika

Joto. Akihema kwa kasi isiyopungua, mate yakiwa mazito, ufizi mwekundu sana, akayumba: mpeleke kivulini na ummwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, huku ukimpepea. Endelea kumwagia, usimfunike kwa taulo lenye maji, linahifadhi joto. Mpoze kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari. Mbwa wenye pua fupi na wenye manyoya mengi, kama Japanese Spitz waliojaa mjini siku hizi, huzidiwa haraka.

Akimuuma mtu. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa gharama yako. Mpe namba yako na nakala ya kadi. Mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe. Usimfiche wala usimuue, kwa sababu hali yake katika siku hizo humsaidia daktari kujua kama aliyeumwa yuko hatarini. Chanjo ya aliyeumwa haingojei siku hizo ziishe.

Akiokota kitu. Kagua mkoba wako pia, usimlaumu mtaa peke yake: vitunguu maji, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti, karanga za makadamia na chingamu yenye xylitol (kitamu cha badala ya sukari) zote ni sumu kwake. Mkoba uuweke juu ya meza mara mnapoingia, si sakafuni. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Adui mkubwa wa barabara zetu, hata hivyo, ni gunzi la hindi choma. Lina harufu ya chumvi na pilipili, limetupwa kila hatua kumi, na mbwa humeza kipande kizima. Halimeng'enywi. Hukwama kwenye utumbo, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa: anatapika, hali, anakunja mgongo, hapati choo. Usimpe mafuta ya kupikia wala maji ya chumvi ili atapike. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie wazi kwamba unashuku gunzi, maana mara nyingi halionekani vizuri kwenye eksirei, na daktari asiyeambiwa anaweza kumtibu minyoo huku utumbo ukiendelea kuharibika.